Kila sasisho lije na njia ya kurudi

Kikundi cha kuweka na kukopa cha mdogo wangu hukutana Uchindile asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaachia milima. Wanachama huja mmoja mmoja, kila mtu na kitabu chake cha hisa kwapani, na sanduku la chuma huwekwa katikati. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo zake ziko kwa watu watatu, na mtunza sanduku hana hata mmoja. Mwenye ufunguo akisafiri, sharti auache kwa mtu anayejulikana na kikundi kizima.

Asubuhi ninayotaka kuizungumzia, sanduku lilifunguka vizuri. Kilichogoma ni kompyuta.

Mdogo wangu ndiye katibu. Miaka miwili kabla ya siku hiyo, kikundi kiliachana na kaunta buku na kuhamishia hesabu zote kwenye laptopu ya mtumba waliyoichangia wenyewe. Usiku wa kuamkia mkutano aliiunganisha na intaneti ya simu ili atume barua pepe moja, na laptopu ikatumia nafasi hiyo kushusha sasisho la Windows. Asubuhi alipoiwasha, kioo kilimwambia asubiri. Asilimia zikapanda taratibu, kisha umeme ukakatika. Betri ilikuwa imechoka siku nyingi, kwa hiyo mashine ikazimika katikati ya kazi. Umeme uliporudi, ukurasa wa kuingilia ulitokea kama kawaida. Akaandika neno la siri. Likakubaliwa. Kioo kikawa cheusi kidogo, halafu kikamrudisha palepale alipoanzia. Akaandika tena, na tena.

Mzee mmoja akamuuliza kwa upole, "Mwanangu katibu, labda umesahau paswedi?" Wengine walinyamaza, na ukimya wao ulimuumiza kuliko swali la mzee. Kwenye kikundi cha fedha, maneno "mfumo umegoma" hayapokelewi kama habari ya mashine. Watu huyasikia kama utangulizi wa habari ya fedha zilizopotea.

Alishuka bondeni hadi Mlimba, kisha Ifakara, laptopu ikiwa kifuani imefungwa kwa khanga. Fundi aliitazama dakika chache akasema, "Dada, hapa dawa ni kupiga Windows." Akapiga. Laptopu ikarudi ikiwa nyepesi na safi, na tupu kabisa. Hisa zilipatikana tena kwa sababu kila mwanachama alikuwa na mihuri kwenye kitabu chake. Mikopo, faini na mfuko wa jamii vilibishaniwa kwa wiki kadhaa. Mdogo wangu hakuchukua hata shilingi ya mtu, lakini kwa muda wote huo alitembea kijijini kama mtuhumiwa.

Inawezekana kabisa kwamba sasisho lile lingeweza kuondolewa bila kugusa faili hata moja. Hakuna aliyejaribu, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba njia hiyo ipo. Ndiyo maana naandika. Naamini kwamba anayebadilisha kitu ndani ya kompyuta ya mwenzake ana deni la kumwachia njia ya kurudi alikotoka, na njia hiyo iwe inapitika na mtu aliyekaa Uchindile, bila intaneti, bila fundi wa mbali na bila kufuta kazi yake. Naamini pia kwamba sisi watumiaji tuna wajibu wa kushika funguo zetu wenyewe.

Ijumaa iliyosimamisha dunia

Anayedhani haya ni matatizo ya kijijini na akumbuke Ijumaa ya 19 Julai 2024. Saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike, ya Marekani, ilisambaza faili dogo la maelekezo kwa programu yake iitwayo Falcon. Programu hiyo hukaa kwenye kiini cha Windows, mahali ambapo kosa moja linaangusha mashine nzima. Saa 2:27 faili lile liliondolewa. Zilikuwa zimepita dakika 78 tu. Kwa hesabu ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimekwishaanguka.

Viwanja vya ndege vilirudi kuandika kwa mkono. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari zipatazo 7,000 ndani ya siku tano. Hospitali ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Kila kompyuta iliyopata faili lile iliwaka, ikafika kwenye kioo cha buluu, ikazimika na kuwaka upya, ikarudia hivyo bila mwisho.

Chanzo kilikuwa hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Maelekezo mapya yalitarajia vipengele 21, na programu iliyokuwa ndani ya kompyuta ilileta 20. Ilipokwenda kutafuta cha ishirini na moja, ikagusa sehemu ya kumbukumbu isiyokuwa yake, na Windows ikajizima ili kujilinda. Kampuni yenyewe iliyaeleza haya kwenye ripoti yake ya Agosti 2024.

Lililonigusa zaidi ni namna ya kutibu. Kuondoa faili kwenye mitambo ya kampuni hakukuziamsha kompyuta zilizokwishaanguka, maana kompyuta isiyomaliza kuwaka haiwezi kupokea dawa kwa intaneti. Kwa nyingi kati yake ilibidi mtu akae mbele ya kila moja, aiwashe kwa hali salama, aingie kwenye folda husika na kufuta faili moja lenye namba 291 kwenye jina lake. Kompyuta ambazo diski zake zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, zilidai kwanza namba ya tarakimu 48. Mashirika yaliyokuwa yametunza namba hizo kwenye kompyuta nyingine, nayo imeanguka, yalijikuta yamefungia ufunguo ndani ya nyumba. Hadi kufikia 29 Julai, siku kumi baadaye, kampuni ilisema karibu asilimia 99 ya mashine zimerudi kazini. Kazi ya dakika 78 iliwachukua wataalamu wa mataifa tajiri siku kumi.

Mlango uliofichwa

Mwaka 2025 ulileta visa vidogo zaidi, na kwa mtu wa kawaida vinatisha vilevile. Baada ya sasisho la Windows 11 la mwishoni mwa Agosti, baadhi ya watumiaji walikuta alama ya kuchagua kuingia kwa neno la siri haionekani kwenye ukurasa wa kuingilia. Alama ilikuwepo, ila ilikuwa haionekani. Ushauri wa Microsoft ulikuwa kupeleka kishale mahali ilipopaswa kuwa, na kitufe kingefanya kazi. Hebu fikiria karani anayeambiwa abofye kitu asichokiona.

Masasisho yaliyotolewa kuanzia 29 Agosti mwaka huo yaligusa pia desturi ambayo mafundi wetu wanaijua. Ofisi ikinunua kompyuta kumi, fundi huandaa moja, kisha hunakili diski yake kwenye zile tisa ili aokoe muda na bando. Kila Windows ina namba yake ya utambulisho. Ukinakili bila kuisafisha, kompyuta zote kumi zinabaki na namba moja, kama watu kumi wenye kitambulisho kimoja cha NIDA. Kwa miaka mingi ziliishi hivyo bila kelele. Masasisho yale yakaanza kuihakiki namba hiyo, na kompyuta zikaanza kukataana kwenye mtandao wa ofisi. Mtu aliandika neno la siri sahihi, akakataliwa. Microsoft ilieleza kwamba ukaguzi huo umekusudiwa kwa ajili ya usalama, na kwa usalama wana hoja. Lakini mtumiaji aliyekaa mbele ya kioo hakuambiwa hayo. Aliambiwa amekosea.

Kisha likaja sasisho la 14 Oktoba 2025. Hili lilizima kibodi na kipanya vya USB ndani ya ukurasa wa ukarabati, ule ule unaofunguka Windows inaposhindwa kuwaka. Mtu aliweza kuona kitufe cha kurudi nyuma, asiweze kukibofya. Rekebisho lilitolewa tarehe 20 Oktoba. Kwa siku sita, aliyepatwa na shida alikuta mlango wa dharura umepigwa misumari na yule yule aliyeujenga.

Umbali una bei yake

Mtaani Kariakoo, kompyuta ikikataa kufunguka asubuhi, mchana inaweza kuwa imepona. Vibanda vya mafundi vimepangana, intaneti ipo, na fundi wa kwanza akishindwa unavuka barabara. Uchindile iko kwenye ukingo wa milima, katika kipande cha reli ya TAZARA kati ya Mlimba na Makambako, ambako wajenzi wa miaka ya 1970 walilazimika kutoboa mahandaki 18. Kutoka Mlimba hadi Ifakara ni zaidi ya kilomita 100 nyingine, na anayeijua njia hiyo wakati wa masika anajua kwamba kilomita hazielezi kila kitu. Kosa ni lile lile, sasisho ni lile lile. Mmoja anapoteza asubuhi, mwingine anapoteza wiki, nauli na heshima yake.

Wanaotengeneza programu hawauoni umbali huu. Baada ya mkasa wa 2024, Microsoft ilianzisha utaratibu wa kuiwezesha kompyuta iliyoanguka kutafuta rekebisho yenyewe. Ni hatua nzuri na naipongeza. Hata hivyo, utaratibu huo unahitaji mtandao, na mtu ambaye intaneti yake yote ni bando la simu hatafika mbali nao.

Tena, tarehe ile ile ya 14 Oktoba 2025, Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za mtumba zilizojaa kwenye stesheneri na ofisi zetu hazina vifaa vinavyotakiwa na Windows 11. Wenye kompyuta za namna hiyo wameachwa njia panda: kubaki bila masasisho ya kawaida, au kulazimisha mashine ibebe mzigo isioandaliwa kuubeba.

Kuacha kusasisha si dawa

Nimesikia ushauri unaotolewa vijiweni na hata na mafundi: zima masasisho yote, ulale salama. Nauelewa uchungu ulioleta ushauri huo, lakini ni ushauri wa hatari. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja kwenye Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo, kirusi kilichoitwa WannaCry kikapitia tundu hilo hilo, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi 150 zilipigwa, zikiwemo za hospitali za umma Uingereza. Waliokuwa wamesasisha walikuwa wamekwishapata kinga kwa miezi miwili.

Kwa hiyo ninachokidai ni utaratibu, na utaratibu huo watu wa kando ya reli ya TAZARA wanaujua kwa macho. Tumezoea kukiona kiberenge kikipita relini na mafundi wake wakikagua njia, maana hakuna mwenye akili anayesubiri treni yenye mamia ya abiria ndiyo igundue kwamba reli imehama. Sasisho nalo linatakiwa litanguliwe na kiberenge: lipelekwe kwanza kwenye kompyuta chache, litazamwe, ndipo lienee. Faili la CrowdStrike lilikwenda kwa wote kwa wakati mmoja. Baada ya mkasa, kampuni iliahidi kusambaza mafaili ya namna hiyo kwa awamu. Somo hilo lisiishie Marekani. Halmashauri yenye kompyuta hamsini inaweza kuteua mbili za majaribio na kuzisubiri siku chache. Na hakuna ofisi inayopaswa kuruhusu sasisho kubwa siku ya kufunga hesabu za mwezi au wiki ya kusajili watahiniwa.

Kompyuta ikigoma

Kama lingekuwa juu yangu, haya yangefundishwa kwenye kila somo la TEHAMA, kuanzia siku mwanafunzi anapoonyeshwa kitufe cha kuwashia.

Kompyuta ikikataa neno la siri, usiliandike mara ishirini, maana mifumo mingi hujifunga ukikosea sana. Angalia kwanza kama herufi kubwa zimewashwa. Angalia lugha ya kibodi kwenye kona ya kioo, kwa kuwa ikibadilika, alama kadhaa huhama vitufe. Tazama tarehe na saa: kompyuta kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi miaka ya nyuma, na mifumo ya mtandaoni huikataa.

Kama neno linakubaliwa lakini unarudishwa mlangoni, au kama tatizo limeanza mara tu baada ya sasisho, mshuku sasisho kabla hujamshuku mtu. Kwenye ukurasa huo huo wa kuingilia, shikilia kitufe cha Shift huku ukichagua kuwasha upya. Ukurasa wa ukarabati utafunguka. Humo mna sehemu ya kuondoa sasisho la mwisho, sehemu ya kuirudisha kompyuta kwenye hali ya siku za nyuma kama kumbukumbu hiyo ilihifadhiwa, na sehemu ya kuiwasha kwa hali salama. Kompyuta isiyofika hata kwenye ukurasa wa kuingilia, mara nyingi huonyesha ukurasa huo wa ukarabati yenyewe baada ya kushindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo.

Yote yakishindikana, kuna neno moja la kumwambia fundi kabla hajagusa kitu: "Toa mafaili yangu kwanza." Kompyuta isiyofunguka haimaanishi diski imekufa. Diski inaweza kutolewa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine, au kompyuta ikawashwa kwa flashi yenye mfumo mwingine na mafaili yakanakiliwa, ilimradi namba ya BitLocker ipo kama diski ilifungwa. Kupiga Windows ni hatua ya mwisho. Fundi anayeanza nayo bila kuuliza amechagua njia iliyo rahisi kwake na ghali kwa mteja.

Funzo la chura wa Kihansi

Kwenye milima hii hii ya Udzungwa, katika korongo la Kihansi, mwaka 1996 aligunduliwa chura mdogo wa njano aliyekuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya maji ya korongo hilo tu, na hakupatikana penginepo popote duniani. Mtambo wa umeme wa Kihansi, wenye uwezo wa megawati 180, ulipojengwa, maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakapungua. Mwaka 2000, vyura karibu 500 walichukuliwa wakapelekwa kutunzwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Miaka michache baadaye waliobaki korongoni wakatoweka, na 2009 ikatangazwa kwamba hawapo tena porini. Mwaka 2010 kizazi cha wale waliopelekwa mbali kikaanza kurejeshwa Tanzania, na 2012 wakaachiwa tena Kihansi.

Umeme ule tunauhitaji, nami siandiki kuulaumu. Nakitaja kisa hiki kwa sababu badiliko kubwa lilifanyika, madhara yakaja, na kilichobaki ni kile kilichohifadhiwa mahali pengine kabla mambo hayajaharibika. Nakala iliyokaa kwenye kompyuta ile ile ingekufa pamoja nayo, kama vyura waliobaki korongoni. Akiba ni ile iliyo mbali na hatari: flashi iliyo nyumbani kwa mwenyekiti, karatasi iliyochapwa kila mwisho wa mwezi, kaunta buku.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kikundi cha mdogo wangu kiliacha, na hakikuwa na kosa la kutamani msala mpya. Kosa lilikuwa la kila aliyewauzia, kuwafungia au kuwasifia kompyuta bila kuwaambia kwamba siku moja itagoma, na namna ya kuishi siku hiyo.

Tunachopaswa kudai

Wizara, Mamlaka ya Serikali Mtandao na halmashauri zinahamishia huduma kwenye mifumo ya kompyuta mwaka hadi mwaka, na ni jambo jema. Basi kila mfumo unaopelekwa kwenye kata uende na mtu mmoja wa kata hiyo aliyefundishwa kuufufua, na nakala ya karatasi ya hatua za kufuata, kwa Kiswahili. Kila kompyuta ya umma iwe na akaunti ya pili ya msimamizi, na namba zake za ufunguo zitunzwe nje ya kompyuta. Mtumishi ambaye mfumo wake umegoma asihesabiwe mzembe kabla ya mashine kuchunguzwa.

Nawadai pia watengenezaji wa programu, hata kama sauti kutoka Uchindile huchukua muda kuwafikia. Mkibadilisha mlango wa mtu, muulizeni kwanza kama umeme upo. Mkishindwa, semeni mmeshindwa kwa lugha anayoielewa, msimwache aamini kwamba amesahau neno lake mwenyewe. Na njia ya kurudi ipimwe kabla ya sasisho lenyewe.

Mara ya mwisho nilipokwenda, mdogo wangu alikuwa bado katibu. Kikundi kilimwomba aendelee, na alikubali kwa masharti. Hesabu zinaingizwa kwenye laptopu na kwenye kaunta buku siku ile ile, mbele ya wote. Flashi ya nakala inakaa kwa mwanachama asiye kiongozi. Namba ya tarakimu 48, ambayo tuliitafuta pamoja na kuiandika kwa kalamu ya wino, imekunjwa ndani ya bahasha.

Bahasha hiyo iko ndani ya sanduku la chuma, chini ya vitabu, nyuma ya kufuli tatu.